Mtumwa wa Kushika Breki

Mama Rocco,

Dengu ziko motoni, zikoroge zisishike chini. Kuku sijawafungulia. Mto wako nimeuchomoa pamba kidogo, usinigombeze kwanza, nimemziba masikio nyumbu wa kuvuta mkokoteni. Zile tarumbeta za sikukuu ya kuigiza Warumi wa kale zinamtia wazimu.

Sikulala vizuri. Mvua imenyesha, mawe ya mteremko wa kanisani yanateleza kama sabuni, na mjukuu wetu Ornella ndiye Jemadari mwaka huu, atashuka amesimama kwenye mkokoteni. Asubuhi nimemwambia, "Mama, leo shuka kwa miguu." Akanijibu, "Babu, sema tu unalilia taji lako." Mbele ya Rocco baba yake! Ikanichoma, nikabamiza mlango. Kweli taji nimelivaa miaka mingi, lakini wivu sina. Labda kidogo. Ninachoogopa ni ile breki ya nyuma ya mkokoteni, inataka mkono unaoijua.

Basi nimewaza. Nyuma ya Jemadari husimama mtumwa, anamshikia taji juu ya kichwa. Kazi hiyo hakuna anayeitaka, watu wanamcheka. Nimeiomba mimi. Mkono mmoja taji, mwingine breki.

~~Msije kutazama, nitaona aibu.~~ Njooni, wewe na Rocco. Simameni kwenye kona ya kisima, ndiyo mbaya kuliko zote.

Shuka la zamani nimelivaa liwe vazi la mtumwa, usilitafute. Mtumwa hupanda mwisho, na Jemadari haruhusiwi kugeuka nyuma. Kwa hiyo msimwambie. Ajue ni mimi tukishafika chini wazima.

Baba Rocco