Ni Etienne Tena

Kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, Jumapili

Eti kuomba kitu kimoja mara mbili ni kukosa imani! Pasta alisema vile leo mbele ya bantu bote, wakati nilisimama kutoa hoja yangu ya maombi: bwana yangu Etienne, tulipotezana njiani siku vita ilitufukuza Uvira.

"Mama Neema, ile hoja Mungu alishaisikia. Sasa toa ushuhuda kwa imani. Sema bwana yako amefika."

Amefika wapi? Mi njo nalala peke yangu, mi njo najua. Nidanganye Mungu ndani ya nyumba yake, batoto bangu bakiniangalia? Nikakataa. Basi bamama ba kwaya bakaanza wimbo juu ya sauti yangu. Wimbo!

Na yeye Pasta? Kila Jumatatu anaenda ofisi ya bakimbizi kule Lilongwe kuuliza dosye yake, karatasi zake za kuhamia Canada. Banamwambia angojee, na wiki ingine anarudi. Hakuna mtu anamwambia kurudi ni kukosa imani.

Wakati ingine naogopa. Pengine Etienne alishakufa, na mi niko naombea mfu. Hilo sijamwambia mtu. Lakini siwezi kunyamaza ili tu niitwe mwenye imani.

Kesho Pasta atagonga mlango wake kule Lilongwe. Mi nagonga wangu hapa, saa hii, kabla sijalala.

Mungu, ni mi. Ni Etienne tena.