Stoo ya Kauthar Imejaa Nguo

Kauthar, wewe wa kuchapwa! Kuwapa watoto uji wa chumvi Muze, mahali watu wanapofuata mchele kwa malori! Wasomaji, someni kwanza alichoniandikia, halafu mnipishe.

*Mpendwa Bibi Otilia, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana zimebaki siku nne tu. Mimi nimezaliwa Sumbawanga mjini, baba ana duka, tuliishi nyuma yake, chumvi ikiisha unapita mlango wa kati unachukua, mafuta hivyo hivyo, sikuwahi kuona mama akiweka gunia ndani, na nilipoolewa na Mahmud akanileta huku Muze nikaendelea vile vile, mchele kilo, maharage nusu, mafuta ya kupima, na stoo nikaifanya ya masanduku ya nguo. Mwezi uliopita mvua ikakata barabara, Mahmud na lori lake wakakwama Kasesya, maduka hapa yakaishiwa kila kitu, siku ya tatu nikapika uji wa chumvi, mtoto wangu mdogo akaenda kuomba ugali kwa jirani, mama Mboje, akarudi na bakuli limejaa, mimi nimejificha chumbani kwa aibu. Mahmud aliporudi hakugomba, bora angegomba, alisema tu, "Dada Mwantum anakuja kukaa nasi, ufunguo wa stoo atashika yeye." Bibi, wifi akifika Jumapili akashika ufunguo mimi nitakuwa mgeni kwangu, nitaomba hadi chumvi. Nimkatae, au nirudi kwetu?*

*Kauthar, Muze*

Haya, mjukuu wangu. Umelia, imetosha. Mama yako alikupa makochi na seti ya vikombe, kujaza stoo hakukuonyesha. Lakini miaka yote hiyo hukuona mama Mboje anavyoweka? Ulikuwa unatazama nini, simu?

Kwenu stoo ilikuwepo. Lile duka ndilo stoo, na baba yako ndiye aliyekuwa anaijaza. Sasa duka ni wewe.

Mimi niliishia darasa la pili, lakini nimelea watoto tisa huku juu Ufipa, hakuna aliyekwenda kwa jirani na bakuli. Nguo zitoe leo. Tandika mbao, gunia lisiguse sakafu wala ukuta, litavunda. Mpunga ndio unavunwa: weka magunia mawili na maganda yake, koboa wa wiki mbili tu, mchele unaingia wadudu upesi. Maharage agiza huku kwetu, yaanike mpaka ukiuma moja lilie kah! ndipo uyafunike kwenye ndoo. Dagaa wa Kabwe wakae mbali na unga, usije ukanywa uji unaonuka ziwa. Majani ya kunde kausha sasa hivi yakiwa mengi. Ukiwa na hayo, na karanga, vitunguu na dumu la alizeti, unarudi umechoka, unakaanga kitunguu, mmeshakula. Na usingoje kiishe! Ukifungua ndoo ya mwisho, siku hiyo hiyo tafuta nyingine.

Mwantum usimkatae, wifi siyo mwizi. Ila kwa stoo ya masanduku hata mimi ufunguo nisingekuachia. Na kwenu urudi ufanye nini, ukachukue chumvi mlango wa kati?

Mahmud nawe, kama unasoma: stoo yenye nguo uliiona, na lori ni lako. Nyamaza, pakia dagaa.

Kauthar, kesho asubuhi rudisha bakuli la mama Mboje lina mchele ndani, na umwombe akupeleke kwa wenye mpunga. Jumapili wifi akifika, mpeleke stoo, fungua mwenyewe, pima mwenyewe, pika mwenyewe. Ufunguo ufunge kwenye pindo la kanga yako. Inuka.