Humusi Mishi

Alhamisi, 28 Agosti

Mbaazi zimeungua chini. Mara ya kwanza mwaka huu. Nilisimama na mwiko mkononi nikiwaza mambo yangu, harufu ikanizindua. Wateja wamekula hivyo hivyo na mahamri yao. Watu wa Timbwani hawakosi neno, leo wamenyamaza. Nadhani wameshasikia.

Dada yake Mzee Bakari amekuja saa nne. Ndoa ni Ijumaa, tarehe 19 mwezi ujao, baada ya sala. Nimekubali. Nilishakubali zamani, leo nimekubali tarehe. Akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kisha akautazama mlango wangu wa nyuma, akauliza mbona komeo limelegezwa. Nikamwambia ni kwa ajili ya upepo.

Jibu langu la miaka kumi na moja.

Mzee Bakari ni mgane. Alikuwa karani wa shule, sasa amestaafu. Mtu mwema, msafi, hutabasamu kabla ya kusema. Sina kasoro ya kumtoa.

Jumamosi, 30 Agosti

Zaituni ana wazimu mpya. Binti yangu huyu anafanya kazi ofisini Nyali, na kila Jumamosi yeye na wenzake wanatafuta hoteli za Bahari ya Kati. Za Waturuki, za Walebanoni, za Wagiriki. Zimeota huko Mkomani na Nyali juzi juzi tu, kila pembe ina moja. Leo amenishika mkono. Eti lazima nitembezwe kabla sijawa mke wa watu.

Tumevuka feri, tukachukua tuktuk. Hoteli ya Kituruki. Viti vyeupe, maua ya plastiki, mishikaki mirefu kama upinde. Nyama laini, sikatai. Lakini chumvi hawaijui na pilipili wanaiogopa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi nimerudi na njaa, nikala mkate na chai nyumbani.

Zaituni alitema zeituni kwenye karatasi. Jina alipewa na babake kwa ajili ya tunda hilo, naye halipendi hata kidogo. Nilicheka mpaka watu wakageuka.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua kidogo. Wateja wachache. Nimeota Athumani, babake Zaituni, amesimama uani anakuna nazi. Hakuinua uso.

Sitaki ndoto hizi sasa.

Jumamosi, 6 Septemba

Zaituni amelala, ndipo naandika.

Hoteli ya pili, Mkomani, barabara ya ndani. Ndogo, ya kawaida, imepakwa rangi ya buluu. Zaituni akasoma menyu kwa sauti. Akafika mahali akacheka. "Mama, wamekuandika! Humusi Mishi." Msichana wa kuhudumu, mtu wa bara, akasema, "Hiyo ni ya Lebanon, mathe. Mishi ni kama kusema spesho." Zaituni akaiagiza kwa mzaha.

Ikaja kwenye kibakuli cha udongo. Juu ina samli iliyokaangwa jira.

Nikachovya mkate. Nikatia mdomoni.

Si dengu. Ni mbaazi. Mbaazi za nazi, zimepondwa na tahini, ule ufuta uliosagwa, na badala ya limau ni ukwaju.

Hakuna Mlebanoni duniani anayefanya hivyo. Hakuna mtu yeyote anayefanya hivyo. Nilimwambia Zaituni nimesakamwa, nikaenda chooni, nikajimwagia maji usoni.

Jumapili, 7 Septemba

Niandike yote, nione kama nina akili.

Athumani alikuwa mpishi wa meli. Likizo moja alikuja na chupa ya tahini, akanifundisha humusi. Dengu, tahini, limau, kitunguu thaumu. Safari yake iliyofuata nikajaribu peke yangu ili akirudi nimpikie. Siku aliyorudi ikawa katikati ya Ramadhani, maduka yamefungwa, sina dengu, sina limau. Nilikuwa na mbaazi za nazi zilizobaki daku, na ukwaju. Nikaponda. Juu nikamwaga samli na jira, maana kwetu chakula kisichokaangwa jira huwa hakijamalizwa.

Alikula wakati wa kufuturu. Alicheka mpaka machozi. Akasema, "Hii si humusi. Hii ni Mishi."

Mwanamishi ni jina langu. Mishi aliniita yeye na mama yangu tu, na mama yangu amekufa.

Miaka kumi na moja iliyopita meli yao ilitia nanga bandari moja ya huko Bahari ya Kati. Athumani alishuka na hakurudi melini. Kampuni ilileta barua moja, mistari sita. Hakuna maiti. Hakuna simu. Nilingoja miaka minne, nikaenda kwa Kadhi, akahukumu kuwa ni mtu aliyepotea na kuhesabiwa amekufa. Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, ndani ya nyumba. Tukamsomea hitima. Watu wakala pilau.

Miezi yote ile ya eda mlango wa nyuma haukutiwa komeo. Nilikuwa mjane mchana, na masikio yangu yalikuwa ya mke anayengoja.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekaanga mahamri yakawa magumu. Wateja wamesema leo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemdanganya Zaituni kwamba nakwenda Kongowea kununua mbaazi. Nimekwenda Mkomani. Peke yangu, mchana, hoteli ilikuwa tupu. Msichana yule yule. Nikamwuliza nani anapika.

Akasema mpishi leo yuko mapumziko. Mzee mmoja mtu wa Mombasa hapa hapa, alikaa majuu miaka mingi, amerudi mwaka jana. Hasemi sana. Wao humwita Baharia. Nikauliza ana umri gani. Akanitazama, akasema, "Kama wako hivi, mathe. Njoo Jumatatu, atakuwa."

Sikuuliza jina lake. Niliogopa. Jina lilikuwa pale mdomoni mwa msichana na mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Kwenye feri niliwatazama wanaume wote. Kila mwenye mvi.

Ijumaa, 12 Septemba

Wiki moja imebaki.

Mzee Bakari ametuma leso doti mbili na halua. Zaituni amezitandaza kitandani akipiga vigelegele. Mimi nimekaa ukingoni. Kama Athumani yu hai, mimi ni nani? Kadhi alishahukumu, najua. Lakini Kadhi halali ndani ya nyumba hii.

Baada ya Asri nimesikia mtu akikohoa uani. Kikohozi chake kile cha mara mbili. Nimetoka na mwiko mkononi kama mwendawazimu. Kuku wa jirani.

Nina hasira. Kama ni yeye, amerudi mwaka jana, anapika jina langu Mkomani na hakuvuka feri. Feri ni bure.

Jumapili, 14 Septemba

Siwezi kula. Zaituni anadhani ni haya za biarusi. Amenitania siku nzima. Nimecheka inapobidi.

Nimevaa na kuvua nguo tatu kwa ajili ya kesho. Niseme kweli: nilitaka anione ningali na sura.

Jumatatu, 15 Septemba

Si yeye.

Niliingia kwa mlango wa nyuma wa hoteli, wa jikoni. Mwanamume amenipa mgongo, anachuja ukwaju. Mabega yalikuwa ya Athumani. Wallahi mabega yalikuwa yake. Kisha akageuka, na uso ulikuwa wa mtu mwingine, mwembamba, ana kovu la moto shavuni. Nikasema, "Mimi ni Mishi wa Timbwani." Akavua kofia yake. Akasema, "Shemeji." Akakaa chini juu ya ndoo.

Jina lake Suleimani, mtu wa Kisauni. Alipika na Athumani miaka saba, si melini, nchi kavu. Kisiwani Saiprasi, hoteli ndogo ya bandarini.

Naandika aliyoyasema kwa mpango wake, nisije nikayapanga upya baadaye.

Athumani aligombana na nahodha, akashuka, meli ikamwacha. Hakuwa na karatasi. Alisema atafanya kazi mwaka mmoja, arudi na kitu mkononi, si mikono mitupu. Mwaka ukawa miwili. Aibu ikanenepa. Kila akitaka kupiga simu alisema mwezi ujao.

Mwaka wa nne au wa tano akapita baharia mmoja wa Likoni. Akamwona, akashtuka, akamwambia, "Wewe umeshasomewa hitima. Mkeo ameshakaa eda na ameitoka." Suleimani alikuwepo. Anasema Athumani alifua aproni yake siku hiyo, akaianika, akaifua tena. Kisha akasema, "Mtu aliyekwisha kusomewa hitima akirudi, anarudi kama nani?"

Hakuzungumza tena habari ya kurudi.

Amekufa miaka miwili iliyopita. Ini. Suleimani ndiye aliyemwosha. Amezikwa huko, ameelekezwa kibla.

Nikamwuliza mbona hakuja kuniambia. Akajibu, "Alinikanya nisikutafute, nisikuvurugie maisha. Lakini kupika hakunikataza, shemeji."

Alitaka kunipa kibakuli niende nacho. Sikuweza.

Jumanne, 16 Septemba

Sikupika. Nimewaambia wateja ninaumwa. Kweli ninaumwa.

Nilimfanyia eda mtu aliye hai. Na eda yangu ndiyo iliyomzika.

Jioni hasira imekuja. Miguu alikuwa nayo. Simu alikuwa nayo. Mimi nililea mtoto kwa mbaazi, yeye anafua aproni! Nimepasua sahani moja. Nimeokota vipande kabla Zaituni hajarudi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemwambia Zaituni. Alikuwa na miaka kumi na miwili babake alipopotea. Hakulia. Aliuliza kama babake alikula zeituni huko. Nimesema sijui. Ndipo akalia.

Kisha nimekwenda kwa Sheikh wa mtaa. Nimemweleza. Amesema hukumu ya Kadhi ilikuwa sahihi na mimi sina dhambi. Na kuhusu kifo chenyewe, eda huhesabiwa tangu siku mtu alipokufa, si siku mkewe aliposikia. Miaka miwili imepita. Sidaiwi kitu. Naweza kuolewa kesho kutwa.

Nimemshukuru. Nimetembea nyumbani polepole. Eda moja nimeikaa bure. Nyingine imepita mimi nikikaanga mahamri, sijui hata ilikuwa miezi gani. Labda nilikuwa nikicheka.

Alhamisi, 18 Septemba

Mzee Bakari amekuja mwenyewe. Si desturi, lakini nilimwita. Zaituni alikaa nasi.

Nimemwambia yote. Humusi, Suleimani, hitima, mlango. Nilitazama mikono yangu. Nikamwambia sheria imeniruhusu ila mimi sijajiruhusu. Nataka kukaa miezi minne na siku kumi. Si kwa sababu nadaiwa. Nikamwambia akitaka kuvunja posa sitamlaumu, na leso zake zimekunjwa pale.

Akazitazama leso. Nilijua hapo kwamba sitaki aivunje. Nashangaa kwamba nimelijua jambo hilo mwaka huu, wiki hii.

Akasema, "Bi Mwanamishi, marehemu wangu nilikaa na viatu vyake mlangoni miaka mitatu. Hakuna sheikh aliyeniambia nivitoe." Kisha akasema leso zisirudishwe, zitachakaa njiani. Akainuka. Alipofika kizingitini akauliza kama mbaazi zitauzwa, maana miezi minne bila mbaazi zangu ni mingi.

Zaituni amesema atauza yeye.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimevaa nyeupe. Nguo ile ile ya miaka saba iliyopita, imebana kidogo kiunoni.

Saa ya sala nimewasikia watu wakipita kwenda msikitini. Leo ndoa ingekuwa baada ya hapo. Nimesoma Yasini peke yangu, nikamsomea kwa jina lake na jina la mamake, kama maiti anavyosomewa. Safari hii nilijua ninayemsomea yuko wapi.

Zaituni alirudi kutoka Mkomani na kibakuli cha udongo alichopewa na Suleimani. Tumekula sote wawili kwa mkate. Nazi imezidi kidogo. Nitamtumia salamu apunguze.

Baadaye nimekwenda uani, nikaanua nguo, nikaingia, nikafunga mlango wa nyuma. Komeo lilikuwa limeshika kutu. Nimelipaka mafuta ya nazi, likaingia.

Zaituni akauliza, joto lote hili, mlango umefungwa wa nini. Nimemwambia nataka kulala kidogo.