Hapana ya Kwanza

Chumba cha chini, nyumbani kwa Wasi,
Pickering, ubavuni mwa Toronto.
Septemba, siku ya mvua.

Kwa swahiba yangu Elkana, mshona suruali zenye mguu mmoja mrefu,

Pokea salamu za adui yako mpenzi. Natumaini barua hii itakukuta bado unapumua, maana ukitangulia wewe, nani atabaki wa kunisema vibaya? Goti linasemaje? Kifua je? Na yule jogoo wako anayewika adhuhuri, hajaliwa tu? Mimi huku ni mzima. Presha inapanda na kushuka kama mwizi wa nazi, na meno yamebaki saba, yote hayasemezani. Mwanangu Wasi hajambo. Mkewe Kanizfatema hajambo. Mjukuu wangu Sakeena, miaka kumi na mitano na kimo cha mlingoti, anakuamkia. Hajui kwamba anakuamkia, mimi nimemsemea.

Najua unachotafuta humu. Unaruka mistari kama mbuzi, unataka tarehe ya ndege ya Desemba. Umeniandikia kwamba chumba umekipaka rangi ya kijani, kwamba kaburi la Nargis wangu umelipalilia, na kwamba umeshaitangazia Muheza nzima kuwa fundi Abbasi wa vyerehani anarudi kukaa miezi mitatu. Soma pole pole, mzee. Hiyo tarehe nitaifikia, lakini kwanza lazima nikupitishe ziwani.

Mwezi wa nane Wasi aliniambia familia inakwenda kupiga kambi. Nikamwuliza tumemkosea nani, kwa sababu kambi niijuayo mimi ni ile ya manamba wa mkonge. Akacheka, akasema ni mapumziko, wiki nzima, ufukweni mwa Ziwa Huron, mwendo wa saa tatu kwa gari. Huku, Elkana, mtu anajiua kwa kazi mwaka mzima ili awe na nyumba yenye vyoo vitatu, halafu analipa akaishi wiki nzima kwenye trela lenye choo kimoja kisichotosha makalio. Ni trela kweli, nyumba ya bati juu ya magurudumu, imeegeshwa mchangani pamoja na nyingine kama mia mbili, mfano wa mabehewa kwenye stesheni isiyopitiwa na treni. Meza ukiilaza inakuwa kitanda. Kitanda ukikiinua ni kabati. Nikawa naogopa kukaa sana mahali pamoja wasije wakanikunja na mimi.

Wasi, mhasibu wa tai na viatu vya kung'aa, nilimkuta kavaa glavu hadi viwikoni, anaunganisha bomba la kumwagia maji ya choo. Nikamwambia mama yake angejua masomo yatamfikisha hapa asingeuza bangili zake. Hakucheka. Basi nikaenda kuonja ziwa. Elkana, mawimbi yapo, mchanga upo, upeo wa macho upo, na ndege weupe wezi wa chipsi wapo, lakini chumvi hakuna! Bahari nzima kama mchuzi wa hospitali. Wenyewe wamejilaza juani kama dagaa, upande mmoja ukikauka wanajigeuza.

Asubuhi ya kwanza nilifanya kama tulivyolelewa. Nikapita kwa majirani kuwajulia hali, trela la kwanza hodi, la pili hodi, la tatu hodi. Walitoka na tabasamu wakaniuliza nahitaji msaada gani. Nikawaambia sihitaji msaada, nimekuja kuwauliza wamelalaje. Wakatazamana. Jioni ile ofisi ya kambi ikampigia simu Wasi, kwa adabu kabisa, kumwuliza kama baba yake yuko sawa.

Siku ya pili Kanizfatema alikaanga bhajia za kunde, nikajaza sahani nikawapelekea mtu na mkewe wa trela la kulia. Kesho yake sahani ikarudi. Imeoshwa inametameta, na ndani yake kikaratasi cha kusema asante. Tupu, Elkana. Hata ndizi moja, hata ndimu! Nargis angedhani tumetangaziwa vita.

Sitawasingizia, watu wa hapa ni wema. Wanatabasamu mpaka ufizi unakauka. Ila miaka kumi na mmoja tangu nije, hakuna aliyeniita mjinga usoni. Na mtu akikaa muda mrefu bila kutukanwa na mtu anayempenda, anaanza kuwa na shaka kama yupo. Humo trelani tulikuwa wanne mahali pasipozidi duka lako, na kila mmoja yuko kwake. Wasi na kompyuta ya kazi, Kanizfatema na vitu vyake masikioni, Sakeena na simu. Nikimsimulia Sakeena ile siku uliyomshonea mchungaji suruali bila mahali pa kupitisha miguu, ananijibu kwa Kiingereza kwamba inachekesha sana. Uso wenyewe haucheki.

Siku ya nne, kama saa nne asubuhi, wakajitayarisha kwenda ufukweni. Wasi akasema, Baba, unakuja? Nikasema hapana, nendeni tu.

Wewe unaijua hiyo hapana. Kwetu hapana ya kwanza si hapana, ni adabu. Mtu akikukaribisha kula unasema umeshiba. Anakuvuta mkono, unaapa umeshiba. Anakasirika, anakuuliza kama chakula chake kina sumu, ndipo unakaa unakula kumshinda mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua kofia. Wasi akasema, sawa Baba, pumzika. Mlango ukafungwa. Mtoto kaletwa huku kusoma ana miaka kumi na sita. Hapana kwake ni hapana, amefundishwa kuiheshimu.

Kilichofuata, kama Wasi anavyowasimulia watu wa msikitini, ni kwamba Baba alipotea. Walirudi wakadhani nimelala chumba cha nyuma. Saa tisa Kanizfatema akafungua pazia anipe kidonge cha presha, akakuta mto. Kambi nzima ikainuka. Sakeena alikimbia peku akiita Babu, Babu, mpaka sauti ikakauka. Wasi aliona kofia ya mtu majini akaingia na viatu, na suruali, na simu mfukoni, maji yakamfika kifuani. Ilikuwa kofia ya mtu mwingine. Saa kumi nikaletwa na Divin, Mkongo wa Bukavu, mtu wa makamo anayezunguka kambini na kigari cha umeme akisafisha mabafu. Alinikuta nyuma ya banda la boti. Wasi akaniuliza kama nilikuwa najua niko wapi. Nikasema hapana.

Tuliporudi nikapelekwa kwa daktari. Mimi nikadai mkalimani wa Kiswahili, ukorofi tu, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu ikanitaka nichore uso wa saa, mishale ioneshe saa kumi na moja na dakika kumi. Nikachora. Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Baada ya hapo Wasi akaja hapa chini, akakaa kitandani, akasema kwa upole sana kwamba mtu anayeweza kupotea hatua mia kutoka mlangoni hawezi kubadilisha ndege mbili peke yake. Tikiti ya Desemba imefutwa.

Haya, tarehe ndiyo hiyo. Nimekufikisha. Ukitaka kuichana barua, chana, lakini ungojee kwanza, kwa sababu hiyo niliyokueleza ni habari ya Wasi. Yangu haijaanza.

Elkana, sikupotea. Nilijificha.

Mlango ule ulipofungwa nilikasirika kama mtoto. Nikachukua chupa ya chai, nikachukua kimoja cha viti vyetu vya kukunja, nikaenda nyuma ya banda la boti ambako kuna upenyo unaoona trela letu sawasawa. Nikasema, leo tuone nani atanitafuta. Nilidhani nusu saa. Saa saba wakarudi. Wakachoma mishkaki, Elkana, moshi unanijia mpaka nilipo! Walikula, walicheka, Sakeena alisema jambo wakacheka tena, na hakuna aliyegeuza shingo. Nikahesabu viti, vitatu vimekaliwa. Nikamaliza chai yangu. Saa mbili nzima nilijitazama nisivyokuwepo, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa.

Halafu pazia lile likafunguliwa na kelele zikaanza. Hapo mtu mwenye haya angetoka. Mimi sikutoka. Nilisikia jina langu likiitwa kambi nzima, likiitwa na watu wasiojua hata kulitamka, na Mungu anisamehe, nilisikia raha. Hata Wasi alipoingia majini. Nilisimama, kisha nikakaa tena, na sehemu fulani ya moyo wangu mbovu ilikuwa inasema, mtazame, anakutafuta wewe.

Divin akaja na kigari chake. Akanitazama mimi, akatazama chupa, akatazama kiti. Akasema, Papa, njo weye mwenye kupotea? Mutu mwenye kupotea habebake kiti. Nikamwambia Kiswahili chake kimepigwa na radi. Akanijibu changu kinanuka kabati la marehemu, na kwamba mimi ni mzee mubaya, mwanangu anakunywa ziwa kwa sababu yangu. Elkana, nilitaka kumkumbatia. Matusi ya kwanza tangu nilipoagana na wewe! Hakunisaliti. Kiti akakificha, na siku ya kuondoka akakisokomeza nyuma ya gari chini ya mablanketi, na mimi nikakiteremsha hapa nikakiweka nyuma ya tangi la maji ya moto. Wasi alihesabu viti akakuta kimepungua kimoja, akasema siku hizi hata huku watu wanaiba.

Na lile swali lake. Alikuwa amesimama mbele yangu anachuruzika maji, akauliza, Baba, ulikuwa unajua uko wapi? Nikasema hapana huku macho yanacheka. Ilikuwa hapana ya kwanza. Nilingoja aseme, Baba, acha ujinga wako, kama ambavyo Nargis angesema, kama wewe ungesema ukaongeza na tusi la ukoo. Ningecheka, ningempiga bega, yangekwisha. Badala yake alifunika uso kwa viganja akalia mbele za watu. Mtu wa miaka arobaini na minane. Baada ya hapo hapana yangu ikawa ya kweli, sikuweza kuirudisha.

Saa nayo niliichora sawa. Aliyezaliwa Muheza akiambiwa saa kumi na moja anaweka mshale mfupi kwenye tano, wewe ungeuweka huko huko. Daktari, kwa saa za Kizungu, alikuwa anataka uwe kwenye kumi na moja. Niliona kosa liko wapi. Nikamrudishia kalamu yake.

Utaniuliza kwa nini nisiseme, maana neno moja tu lingenirudishia ndege yangu. Kwa sababu ya jioni, Elkana. Tangu siku ile Wasi akitoka kazini anashuka hapa chini kabla hata ya kuvua koti. Analeta vikombe viwili. Anakaa. Ananiuliza habari za zamani ili apime kichwa changu, nami namjibu, na juzi nilipomwambia habari ya suruali ya mchungaji alicheka mpaka chai ikampalia. Sakeena ananishika mkono tukivuka barabara, na hauachi tukishavuka. Nimekuwa mtu wa kutafutwa. Nimekuuza wewe na chumba chako cha kijani kwa kikombe cha chai, na mbaya zaidi, chai yenyewe ni tamu.

Lakini kila usiku nikizima taa naiona rangi ile ya kijani ambayo sijaiona. Na Nargis ananiuliza kwa nini anapaliliwa na mtu ambaye si mumewe.

Kwa hiyo nimeamua. Kumwambia Wasi kwa mdomo siwezi, nimejaribu mara tatu, kila mara nimeishia kuuliza bei ya petroli. Kwa simu nisingeweza kukueleza haya, simu zote za nyumba hii ni zake na anasimama pembeni. Barua ndiyo njia. Nimekitoa kile kiti nyuma ya tangi, nimekikunjua katikati ya chumba pale anapokaa yeye jioni. Nikimaliza hapa nitaiweka barua juu yake, wazi, bila bahasha, anwani yako nimeiandika nyuma. Kiswahili anakisoma, nilimfundisha mwenyewe kwa makofi.

Nisalimie waumini wenzako wote, nisalimie goti lako, na jogoo mwambie akinisubiri hai nitamsamehe. Ukikasirika ukaniandikia nisije kamwe, nitaihesabu hapana ya kwanza. Kaburi endelea kulipalilia mpaka nitakapokunyang'anya jembe.

Nasikia gari lake linaingia. Kama unayasoma haya, swahiba, ujue alikaa kwenye kile kiti akasoma mpaka mwisho, na bado akaipeleka posta.

Ni mimi mjinga wako,
Ghulamabbas