Nyimbo Mbili za Usaili

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi ya kwaya, kanisani Kasokola. Walikuwepo mwinjilisti, mwenyekiti wa kwaya, mwalimu wetu wa muziki, waimbaji, na mimi, mtahiniwa. Usaili wa chuo cha muziki ni mwisho wa mwezi. Zinatakiwa nyimbo mbili. Mwalimu amechagua wimbo wa Pasaka wenye noti ya juu kuliko zote. Makofi. Nikapendekeza wimbo wa bibi wa kusagia, wa Kibende, ulio wa sauti ya chini. “Huo wa jikoni?” Mwenyekiti alicheka. Umekubaliwa kuwa wa pili, kwa kunihurumia.

Alhamisi, 6 Machi
Zamu yangu kwenye bani la kwaya, kibanda cha kukaushia tumbaku. Tumbaku inakauka, moto hauruhusiwi kuzimika, moshi unapenya kila ufa. Leo noti ya juu ilikataa. Ilipokuja, ilikuja imechanika.

Jumapili, 9 Machi
Haikuja kabisa. Mwalimu ameshusha ufunguo wa wimbo. Anaamini sauti hukomazwa kwa kuimbishwa, ameongeza mazoezi. Nimetii. Najichukia kwa kutii.

Jumatano, 12 Machi
Ufunguo umeshuka tena. Mama mdogo alinisikia nikikohoa. Amekausha tumbaku tangu kabla sijazaliwa. Husema kwa mnong'ono. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa.
“Na mimi nilikuwa soprano, mwanangu.”
Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Ijumaa, 14 Machi
Nilimwomba mwenyekiti anitoe zamu. “Binti, tumbaku hii tunailima kwa ajili yako. Au nauli utaiimba?” Anasema kweli. Wananipenda. Hilo ndilo linalonitisha: wananichoma kwa upendo.
Nimekwenda zamu.

Jumapili, 16 Machi
Nimeamka bila sauti. Maji ya uvuguvugu, kimya, hadi jioni ikarudi kidogo, kavu.
Nilisimama mbele ya kwaya. “Paza sauti, hatukusikii huku!” wakatania wa nyuma. Nikasema hiyo ndiyo yote iliyobaki. Kicheko kilikatika.
Nikawatangazia. Wimbo wa Pasaka nimeuacha. Wa bibi ndio wa kwanza. Wa pili nitautafuta huko huko chini. Hadi usaili sitaimba kanisani wala sitakanyaga bani. Zamu zangu zigawanywe, kuanzia kesho, na yeyote atakayekohoa apumzishwe.
Mwalimu alitazama sakafu. Mama mdogo hakutazama popote.
Kisha mwenyekiti akauliza, taratibu, nani ataingia zamu kesho.