Maji ya Kisima cha Baba

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele, kwenye dirisha la uani,
Jumapili, tarehe 14 Machi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo, mdogo wangu? Mgongo unaendeleaje, na zile ngazi za ghorofa nne bado unazipanda na ndoo mkononi? Wifi yangu ameshapona kikohozi? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako amenenepa kidogo, mimi nimepungua kidogo, kwa hiyo uzito wa nyumba uko pale pale. Mpwa wako ameng'oka jino la mbele na sasa hacheki mpaka azibe mdomo kwa kiganja.

Barua yako ilifika Jumatatu, na tangu siku hiyo sina raha. Nilijua utakasirika ukisikia kwamba mashine ya boti uliyotuletea ilizimika katikati ya maji, abiria wakavutwa kwa kamba hadi ng'ambo. Najua ulivyojinyima ili tuipate. Lakini ukaandika kwamba Baba amezeeka, kazi ya kuosha mashine imemshinda, na kwamba mwisho wa mwezi binamu yetu aje aichukue. Lo! Hukuuliza hata swali moja.

Sijitakasi. Niliposoma nilisema moyoni kwamba una haki. Fundi alipofungua kichwa cha injini alituita sote tukaone. Njia za maji zilikuwa zimezibwa na chumvi nyeupe, ngumu, hata ikabidi aichokonoe kwa bisibisi. Akasema bila kupepesa macho kwamba mashine hii haioshwi. Baba alikuwa amesimama pale pale. Alichukua fimbo yake akaingia ndani, na chakula cha mchana siku hiyo alikisogeza tu kwenye sahani.

Sasa kuhusu barua yako. Unajua macho yake, maandishi yako madogo hayawezi, hivyo mimi ndiye msomaji. Nilipofika kwenye ile mistari miwili niliiruka. Nikaunganisha salamu na salamu, nikadhani nimefanya la maana. Aliniuliza mbona nimevuta pumzi hapo, nikamwambia mwandiko wako mbaya. Akasema kwamba karatasi ni ndefu kuliko salamu zake. Mzee wetu haibiwi kirahisi.

Siku ya pili, Jumanne, fundi alirudisha mashine imesafishwa. Shemeji yako akaenda nayo ng'ambo mara moja kuijaribu, akairudisha uani kwa mkokoteni kama kawaida. Nami, Mungu anisamehe, nilijibanza nyuma ya pazia la jikoni ili nimnase baba yangu mzazi akifanya uvivu.

Sikumnasa na kitu. Alifanya kila kitu ulichomwagiza siku ile ulipomwachia kazi hii, alipostaafu kuendesha boti. Alihakikisha mguu wa mashine umezama vizuri kwenye pipa. Shemeji yako akavuta kamba, Baba akaiacha ingurume bila gia, saa ya mkononi akiwa ameivua na kuishika mbele ya pua. Kila baada ya muda alikinga kiganja kwenye ule mchirizi unaotoka ubavuni, ambao mafundi wanauita mkojo wa mashine, asikie kama maji yamepata moto na yanazunguka kote ndani. Ilipozimwa alimwaga pipa lote, akalijaza tena, wakaiwasha mara ya pili, maana maji ya kwanza hubaki na chumvi ya bahari. Mwisho akaifuta na kuifunika kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimechoka kusimama, yeye hajachoka.

Kisha akachota kikombe kwenye ndoo iliyobaki, kile cha bati kinachoning'inia kwenye msumari, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ameonja hivyo tangu tukiwa wadogo. Kisima ni chake, alikichimba kwa mikono yake kabla hata mimi sijazaliwa, na kila mgeni aliyeingia uani kwetu alilazimishwa kunywa na kusifu.

Nilitoka jikoni na aibu zangu, nikampokea kikombe, nikanywa kilichobaki. Nikatema, mdogo wangu. Ilikuwa chumvi. Si kali kama ya bahari, lakini ingetosha kuchemshia viazi bila kuongeza kitu.

Akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Akachota tena, akaonja, akazungusha maji mdomoni, akameza. Akachota mara ya tatu.

"Mimi naona maji tu," akasema.

Hapo ndipo kila kitu kilinirudia, nikakaa kwenye ukingo wa pipa. Unakumbuka yale maradhi yaliyomlaza miaka miwili iliyopita? Tangu hapo humu ndani hamjakuwa na amani mezani. Kila chakula hakina chumvi. Naongeza, bado hakina. Nimemjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilidhani ni kisirani cha uzee, kumbe ulimi wake ulikufa na yeye akaona haya kutuambia.

Na si yeye peke yake aliyekosa kuona. Tangu mfereji wa bomba uletwe, ingawa unatoka siku mbili tu kwa wiki, tunakunywa na kupikia maji yake. Ya kisima tunafulia, tunaogea na kuoshea mashine, hakuna anayeyatia mdomoni isipokuwa Baba. Sabuni ilipoacha kutoa povu nikaenda kumgombeza muuza duka kwamba anatuuzia sabuni bandia. Nimebadilisha sabuni mara nne, na yule mtu wa watu hanisalimii mpaka leo. Mpwa wako aliposema maji ya kuoga yanamuwasha macho, nikamwambia aache visingizio. Na nani anayechota maji ya kujaza lile pipa kila siku? Ni mimi. Kwa mikono hii miwili nilimtekea Baba chumvi, akaosha chumvi kwa chumvi, asikose siku hata moja. Kama angekuwa mvivu kweli, labda mashine ingepona.

Fundi alikuja kuonja naye. Anasema visima vya upande huu vingi vimebadilika polepole, bahari inapenya chini kwa chini. Alimwomba Baba radhi mbele ya watu, kwa mikono miwili. Baba akampokea vizuri, akamuuliza habari za watoto.

Lakini usiku ule... hapana, niseme vizuri, ilikuwa asubuhi yake, nikimmiminia chai. Aliniambia nikuandikie. Alisema: "Mwambie mwanangu aichukue mashine yake. Ile mistari uliyoiruka naijua. Nimeiosha kila siku, lakini nimeiosha kwa chumvi."

Nililia, wala sioni aibu kukwambia. Yeye alinisogezea kikombe changu cha chai akasema kitapoa.

Sasa sikiliza tulichofanya. Shemeji yako amefunga mfereji wa bati kwenye paa la nyuma, unamimina kwenye tangi lililokuwa likihifadhi mkaa. Tulilisugua siku nzima, tukawa weusi sote. Mvua imenyesha Ijumaa na jana, limejaa hadi shingoni. Mvua zikikatika tutaliongezea maji ya bomba. Maji ya mvua nimeyaonja mimi, ameyaonja shemeji yako, na mpwa wako ameyaonja mara nyingi kupita kiasi. Kuanzia sasa hakuna pipa litakalotumika bila mtu mwenye ulimi mzima kuonja kwanza.

Tatizo limebaki moja. Baba haigusi mashine. Anasema si yake na mwenyewe ameshatoa uamuzi. Jana boti iliporudi alitoka, akakaa kwenye kigoda chake kando ya pipa, saa mkononi, akamtazama shemeji yako anavyofanya. Shemeji yako aliizima mapema mno. Niliona mkono wa Baba unanyanyuka, ukarudi mapajani. Sijui kama nimewahi kuona kitu kilichoniuma hivyo.

Mimi sikulaumu, maana nililosema moyoni lilikuwa lile lile uliloandika. Ila la kwangu nimeshamwomba radhi. La kwako liko mikononi mwako.

Msalimie sana wifi, na wale pacha uwabusu mashavuni. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija uje na plagi mbili za akiba. Fundi naye anakusalimu. Mola akufunike, akuepushe na mabaya ya barabarani na ya kazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ukijibu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Na uandike kwa herufi kubwa, mstari mmoja ukitaka, ilimradi ausome mwenyewe bila mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata tulipokosea wote wawili.