Udongo wa Shamba la Juu

Kanazi, Ngara
23 Novemba 1997

Kwa dada yangu Benedicta,

Shikamoo dada. Naandika nikiomba barua hii ikukute mzima hapo Biharamulo, pamoja na shemeji Ngeleja na watoto. Je, kifua cha Happyness kimepona? Paschal bado anakataa kwenda shule siku za mvua? Mpe shemeji shikamoo yangu, na umwambie yule ng'ombe aliyetuletea ameshazoea majani ya huku, ingawa bado anatutazama kama watu wasiojua kufuga. Sisi tunashukuru Mungu. Mvua zimeanza vizuri, maharage yameota, na mama hajambo isipokuwa miguu yake inamsumbua.

Dada, tafuta mahali ukae ndipo uendelee kusoma. Usisomee njiani, na kama watoto wamekuzunguka, watume kisimani.

Mwezi wa saba nilikuandikia kwa kifupi kuhusu Mrundi mmoja anayeitwa Gaspari, aliyekuwa akitulimia kama kibarua. Sikukueleza yote kwa sababu sikutaka kukutia wasiwasi wa bure. Mtu huyu alivuka mpaka wakati wa machafuko ya mwaka tisini na tatu, akakaa kwenye kambi ya wakimbizi kwa muda, kisha akatoka kutafuta vibarua vijijini kama walivyofanya wengi. Kazi anaijua, sikatai. Lakini siku moja tulipomaliza kupalilia kahawa aliweka jembe chini, akaniambia kwamba yeye ni mtoto wa marehemu baba yetu. Alisema mama yake, Suzana, alikuwa mke wa kwanza wa baba kabla mimi sijazaliwa, na kwamba waliishi kwenye nyumba iliyokuwa shamba la juu, kule mgongoni mwa kilima. Mama yake alipoachana na baba akarudi kwao ng'ambo ya mto Ruvubu, naye akaenda pamoja naye akiwa mtoto mdogo.

Unanijua dada. Hata padri akisema mvua inanyesha, mimi huchungulia nje kwanza. Nilimtazama yule mtu juu hadi chini, nikamwambia arudi kwenye kazi. Siku hizi kila aliyefukuzwa kwake anatafuta kilima cha kuegemea, na Kirundi chao na Kihangaza chetu havipishani sana, hata huwezi kumjua mtu kwa ulimi wake. Huko Mugoma kuna familia iliyompokea mtu aliyejiita ndugu yao, wakaenda msibani, waliporudi wakakuta amekwisha kuuza nusu ya shamba. Sikutaka sisi tuwe wa pili.

Nilimuuliza mama. Alikuwa akichagua maharage, na alijibu bila kuinua macho kwamba baba hakuwahi kuwa na mke mwingine, na kwamba shamba la juu lilikuwa pori tupu mpaka walipolifyeka wao wawili. Alijibu upesi, kwa sauti kavu. Nikadhani ni hasira ya kutukaniwa ndoa yake, nikamwomba radhi.

Lililonitia shaka kuliko yote ni jinsi Gaspari alivyokuwa akikuulizia wewe. Mimi hakuniuliza hata nimezaliwa lini, lakini wewe aliuliza umeolewa wapi, una watoto wangapi, una afya gani, unapenda kucheka au ni mtu wa kununa. Machale yakanicheza. Nikasema huyu amesikia habari za ng'ombe za shemeji. Basi nikamwambia kwamba umeolewa na Wasukuma wakali, wenye fimbo nene na subira ndogo. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na kicheko kile kiliniudhi kwa wiki nzima.

Kisha likatoka tangazo ambalo bila shaka hata huko mmelisikia, kwamba wageni wote wanaoishi vijijini warudi kambini. Wanajeshi wamekuwa wakipita kilima kwa kilima. Huku kwetu mwenyekiti wa kijiji alisema mwenye ndugu asimame na ndugu yake ofisini, aseme mbele ya watu kwamba huyu ni wetu, na asiye na wa kumsemea apande lori. Gaspari alinijia akiwa ameshika kofia mkononi. Alisema hataki shamba wala mgomba mmoja, anataka tu nimtamke. Moyoni nilijiambia kwamba hivyo ndivyo angesema mwizi wa mashamba. Nikamjibu kwamba nitafikiri, na nikamfikiria vibaya.

Katika siku hizohizo akafika Idi, mtoto wa mzee Shaban, wale wenye duka la vitambaa pale Ngara mjini. Alisomea mambo ya udongo Morogoro, na sasa yuko na mradi unaochunguza milima iliyokatwa miti tangu kambi zije, maana kila mvua ikinyesha kilima kinateremka mtoni. Watu wameshampa jina, wanamwita Bwana Udongo. Alisema anataka kuchimba shimo shamba letu la juu. Kijiji kizima kikashtuka. Wengine walisema anatafuta madini, wengine wakasema wanapima mahali pa kambi mpya, na jirani yetu Modestus aliapa kwamba ni makaburi, akataka mbuzi wake wasipite huko. Mimi niliamini yote matatu kwa pamoja. Na nilipoona kwamba kibarua aliyemchukua kuchimba ni Gaspari, nikasema sasa mpango wao umekamilika, nikaenda kusimama ukingoni mwa shimo tangu jembe la kwanza.

Lakini dada, kile nilichokiona mle kilinivutia. Shimo lilifika kifuani, na Idi akauchonga ukuta mmoja kwa kisu mpaka ukawa laini. Juu kabisa palikuwa na udongo wa kahawia, mweusi kidogo, uliojaa mizizi, usiozidi urefu wa kiganja. Chini yake ukaanza ule mwekundu wetu, na kadiri ulivyoshuka ndivyo ulivyozidi kuwa mzito. Alibandua donge, akanionyesha jinsi lilivyong'aa pembeni kana kwamba limepakwa mafuta. Akalilowanisha kwa mate, akalifinyanga kati ya vidole mpaka likawa utepe mrefu usiokatika. Chini zaidi palikuwa na changarawe nyekundu, halafu jiwe lililooza, linalovunjika kwa ukucha. Alinieleza kwamba jiwe lile ndilo mama wa udongo wote wa pale. Linaoza polepole, na mvua ikipita huosha vumbi laini la mfinyanzi kutoka juu na kulishusha chini, kidogo kidogo, likagandamana na kung'aa vile. Ndiyo maana udongo wetu ukilowa unavua watu viatu, na ukikauka unavunja mpini wa jembe.

Nilimuuliza, kwa nia yangu mwenyewe, kama mtu akichimba udongo huo mwekundu akautoa, kisha akafukia shimo, je, utarudi kuwa hivyo? Akasema hautarudi, hata kwa wajukuu wa wajukuu zangu, kwa sababu tabaka lile ni kazi ya maelfu ya miaka. Ukishauvuruga umeuvuruga.

Hapo nikamshika Gaspari. Maana alikuwa ameniambia kwamba baba aliijenga nyumba yao kwa udongo uliochimbwa palepale, na kwamba shimo lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba yeye alikuwa akijificha humo mama yake akimtafuta kumwogesha. Nilisema kwa sauti, mbele ya Idi na Modestus na watu wengine waliokuja kuangalia makaburi yao, kwamba udongo wenyewe umetoa ushahidi: hapa hapajawahi kuguswa na mtu tangu dunia iumbwe, na aliyedai kuna nyumba ni mwongo. Gaspari aliutazama ukuta wa shimo kwa muda. Akasema tu kwamba hapa siyo mahali penyewe, shimo lilikuwa upande wa chini, kwenye ile migomba. Nikamjibu kwamba mwongo hakosi mahali pengine pa kuonyesha. Akapanda juu, akasafisha jembe, akaondoka. Mimi siku ile nilikula nikashiba.

Jioni Idi alipokuwa akifunga vifaa vyake aliniambia kwamba swali langu lilikuwa zuri ila jibu nimelichukua nusu, kwa kuwa shimo husema habari za pale lilipochimbwa tu. Kisha akaniuliza kwa nini kwenye ile migomba kuna mashina machache yenye mikungu minene kama ya migomba ya nyuma ya jiko, na yanayoyazunguka ni membamba. Nikasema ni mbolea. Akauliza ni nani hupandisha samadi mpaka kule. Swali lile lilinikera kama kijiwe kwenye kiatu.

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Sikumwambia Gaspari, asije akanitangulia kufukia vitu. Nikachimba katikati ya ile migomba, na jembe likazama bila kugoma. Niliufuata ule udongo mweusi mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani, nao ulikuwa bado mweusi, laini, umejaa majivu na mkaa na vipande vya vyungu, na humo madonge mekundu yamechanganyika ovyo kama ugali uliosongwa na mtoto. Pembeni ndipo nilipoukuta ule mwekundu wa kweli, umesimama wima kama ulivyokatwa. Dada, pori halichimbwi hivyo. Hivyo huchimba mtu anayejenga nyumba ya kukaa na watoto. Nilikaa chini mlemle shimoni na aibu ikanipanda mpaka masikioni, kwa sababu kumbe aliyenidanganya hakuwa mgeni.

Mama alinikuta hapo. Alikuwa ameniona nikipandisha jembe, akanifuata na miguu ile. Nilijiandaa kugombezwa. Yeye alisimama ukingoni akatazama majivu, akaniambia nifukie. Nikamwambia sifukii mpaka aniambie. Akakaa juu ya udongo niliourundika, na haya ndiyo aliyonieleza.

Baba aliishi na Suzana kwa mila kabla ya kumjua mama. Alipotaka kubatizwa ilimbidi abaki na mke mmoja wa kufunga naye ndoa, na Suzana alikataa ubatizo. Ndipo baba akamwoa mama, na Suzana akafungasha. Kwa desturi yetu watoto walipaswa kubaki kwa baba, lakini mvulana alimfuata mama yake mpaka mtoni, akamng'ang'ania, na baba akashindwa kumbandua. Nyuma alibaki mtoto wa kike ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mama hakuwa amezaa bado. Alimbeba mgongoni siku ileile, na anasema mtoto alilia siku nzima, kisha akalala huku ameshika nywele zake.

Dada Benedicta, mtoto huyo ni wewe. Gaspari ni kaka yako, tumbo moja.

Mama ndiye aliyemwomba baba aibomoe ile nyumba, shimo lifukiwe kwa majivu na takataka zake, na migomba ipandwe juu, ili usije siku moja ukauliza ilikuwa ya nani. Akamwapisha baba asiseme. Na Gaspari alipotokea, mama alimjua tangu siku ya kwanza, kwa mwendo wake. Alikana kwa kuogopa kwamba akikubaliwa atakutafuta, na wewe utamwona mama kuwa mtu aliyekuiba.

Sikumjibu kwa ukali, ingawa nilikuwa nimekasirika. Nilimwambia tu kwamba lori linakuja Ijumaa. Kisha akajifunga kanga, akaniomba mkono, tukateremka mpaka ofisini. Mbele ya mwenyekiti, wanajeshi na watu wote, alisema huyu ni mtoto wa mume wangu, wa nyumba ya kwanza. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini siku zote alikana. Akajibu kwamba alikuwa akimlinda mtoto wake. Gaspari alipiga magoti akamshika miguu, na mimi nilitoka nje, maana sikupenda watu wa Kanazi wanione nikilia.

Sasa Gaspari analala kwangu. Bado anasema hataki shamba, nami safari hii namwamini, ingawa nimekwisha kumwonyesha mpaka ulipo, kwa kuwa mimi ni mimi. Suzana alifariki mwaka uleule wa machafuko, na alimwomba mwanawe jambo moja tu, akutazame kwa niaba yake. Yeye angekuja huko, lakini kwa vizuizi vya barabarani vya sasa ni afadhali uje wewe. Njoo na watoto.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Modestus anakusalimu, bado mbuzi wake hawapiti juu. Gaspari anakusalimu, na amekaa hapa ubavuni akiniangalia kila ninapoandika jina lako.

Mama naye nilimuuliza niandike salamu gani. Akasema niandike kwamba kuna bibi mmoja wa Kanazi anakusalimu. Tangu nilipoanza kujibu barua zako hajawahi kujiita hivyo. Nimekataa kuandika maneno yake. Mimi ndiye ninayemsomea majibu yako, dada, na sasa hivi ameketi mlangoni akisubiri jibu la barua ambayo hata posta haijafika.

Mama anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Celestini